Masizi kwenye Drami ya Breki

Nilimdanganya babu. Nilimwambia gari liko tayari, ilhali magurudumu ya mbele yalikuwa hayajazunguka hata mara moja.

Gari lenyewe ni la zamani kuliko mama yangu, na vipuri vyake havitengenezwi tena. Babu alikuwa amemwahidi dada yake wa Muheza kwamba Ijumaa atamfikia akiwa ameshika usukani mwenyewe, kisha aache kuendesha kwa hiari yake. Mimi ndiye niliyejitwika matengenezo. Ufundi sikusomea; nimejifunza kwa video za simu na kwa kuharibu, na kosa dogo hunitesa siku nzima.

Rimu za mbele zilikuwa zimeliwa na kutu. Nilipata nyingine Usagara kwenye vyuma chakavu. Nilipima matundu ya nati kwa milimita, nikapima tena, nikaandika daftarini. Zikakaa sawasawa. Nikamtangazia babu. Kisha nikakaza nati na kuzungusha gurudumu, likagoma.

Nikafungua drami za breki, yale mabakuli ya chuma yanayokaa ndani ya gurudumu, nikazibeba pamoja na zile rimu hadi Makorora, kwa fundi mmoja wa makamo asiyependa maneno mengi. Nilimwamkia, nikamweleza mpango wangu: tusage ukingo wa drami ili rimu ipite. Akanitazama kama nimemwomba akate mguu ili kiatu kitoshe.

“Breki haikatwi kwa ajili ya gurudumu,” akasema. “Gurudumu ndilo linalotafutwa.”

Akakwangua masizi chini ya birika lake la chai, akayapaka drami kwa nje. Nilitaka kuongeza mafuta kidogo ili yashike. Akausukuma mkono wangu kando. Mafuta hayakaribii breki. Akaifunga rimu yangu juu ya drami, akaifungua. Kwa ndani palikuwa na alama nyeusi, mahali ilipogusa. Nilikuwa nimepima matundu yote, kina sikukipima.

Akajaribu rimu za lundo lake moja moja, hadi mbili zikatoka bila doa. Moja bluu, moja kijivu. Rangi zile ziliniuma.

Viatu vya breki, vile vinavyoibana drami kwa ndani, navyo vilikuwa vimelika, na vilivyopatikana vilikuwa vya gari jingine. Akapaka masizi ndani ya drami, akakiegemeza kiatu. Weusi ukashika katikati tu. Akapiga msasa, akajaribu, akapiga msasa tena, mpaka weusi ukaenea ncha hadi ncha. Rimu itoke safi, kiatu kitoke cheusi chote. Hakugusa kipimo hata kimoja, nami nikalionea haya daftari langu. Mwisho akafuta kila kitu kwa petroli mpaka kitambaa kikatoka cheupe.

Ijumaa asubuhi, nilipokwisha kufunga na kujaribu breki uani mara zisizohesabika, nilimkiria babu uongo wangu.

“Nilijua, mke wangu,” akasema. “Mwenye gari zima hashindi chini yake. Haya, panda mbele. Breki ikikataa, tuwe wote.”

Tulipokaribia njia panda ya Muheza, mkokoteni wa machungwa ukakatiza ghafla. Babu akakanyaga. Gari likasimama pale pale, bila kuvuta kushoto wala kulia. Mwenye mkokoteni akaendelea na safari yake.

Babu akaegesha kando ya barabara. Alinituma nimnunulie dada yake machungwa. Niliporudi nilisimama mbele ya gari, nikatazama gurudumu la bluu na la kijivu, na kwa mara ya kwanza sikutamani kubadilisha kitu.