Marieta Nje ya Uzio wa Minyaa

Marieta binti Margwe alikuwa anasomea ustawi wa jamii, na Fransiska hajawahi kusikia upuuzi kama huo. Margwe, fundi cherehani mzima wa Dongobesh, auze ng'ombe, mtoto wake akafundishwe kukaa na watu wenye shida! Tangu lini mtu akaenda chuo kwa jambo hilo?

Chuo kikamtuma kwenye mafunzo kwa vitendo, na ofisi ya kata ikamtuma kwa Fransiska. Maana shida ilikuwepo kweli. Agatha, mke wa mwanawe, alikuwa amefiwa na mtoto wake wa kwanza, hata meno hayajaota. Wakaingia metimani, yeye na mumewe Sebastiani, kama Wairaqw walivyofanya tangu zamani: nyumba iliyopatwa na kifo cha namna hiyo haiingiwi, na waliomo hawatoki mpaka muda uishe. Siku hizi wengi wameacha. Kwenye boma la Fransiska, hapana. Yeye alipika kwake, ng'ambo ya uzio wa minyaa, akaacha chakula kwenye uwazi wa uzio huo, Sebastiani akaja kuchukua. Na kila mara bakuli la Agatha likarudi limejaa.

"Mama, amekataa tena," Sebastiani alisema. "Hata maji anaonja tu. Mama, nitampoteza huyu."

Marieta alipofika, Fransiska akausimamia ule uwazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huingii."

"Sawa, bibi. Nikae wapi?"

Fransiska alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, sasa ugomvi umekosa mtu. Akamwonyesha jiwe, nje ya uzio. Msichana akakaa, akapaza sauti kidogo. "Agatha, ni Marieta. Ukitaka kuongea nipo. Usipotaka, nipo." Basi. Akakaa pale mpaka jua likageuka.

"Ndicho unachosomea?" Fransiska akamchokoza. "Kukalia mawe?"

"Nipo mwaka wa pili, bibi. Mwaka wa kwanza hata kukaa nilikuwa sijui."

Kesho yake akarudi. Siku ya tatu mvua ikanyesha, akarudi na mwavuli. Hakusema ni mapenzi ya Mungu. Hakusema utapata mwingine. Fransiska alikuwa ameshayasema hayo yote kupitia uzio, na kwa sauti. Halafu, mvua ikinyesha, msichana akauliza taratibu:

"Agatha, Bonaventura alikuwa anapenda kulalaje?"

Fransiska akashtuka. Jina la marehemu! Tangu mazishi hakuna aliyelitaja. Akainua mkono amfukuze, mkono ukabaki hewani, maana ndani ya nyumba ile kulitoka sauti.

"Kifudifudi. Juu ya kifua changu. Ukimlaza chali, anapiga kelele kama ndama."

Ikaja kwikwi, kikaja kilio, yakaja maneno: alivyoshika kidole, alivyopiga chafya akajishtua mwenyewe. Marieta aliitikia tu, "Eee," na "halafu?" Fransiska mwili ukamsisimka kama kanisani padri anapoinua mkate. Hakuona dawa, hakuona mganga. Swali dogo hivi, na mtu aliyekuwa anaondoka amegeuka.

"Sebastiani," Agatha akasema ndani, "kuna uji?"

Fransiska hakungoja Sebastiani aje kwenye uwazi. Alikoroga uji, akabeba bakuli, na alipozinduka alikuwa ameshaupita uzio, yuko mlangoni.

"Mama! Umeingia!" Sebastiani akasema.

"Nimeingia. Sogea huko."

Sasa naye ni wa metimani, majirani watamkwepa. Wamkwepe.

Agatha akanywa, akakunja uso. "Mama, hujaweka sukari."

Fransiska akacheka mpaka akaketi sakafuni, machozi yanamtoka. Agatha akaunywa hivyo hivyo, akaomba mwingine.

Nje, Marieta alikuwa bado kwenye jiwe, mwavuli begani, hajasogea hata kidogo. Fransiska akamtazama kupitia mlango, akapaza sauti: "Wewe msichana, kesho uje na sukari."