Mashine Isiyokunywa Dizeli

Babati ilipofanywa makao makuu ya mkoa mpya wa Manyara, kila aliyeshuka kwenye basi na mkoba alijiita mtaalamu. Mmoja alinifuata Maisaka, kwenye mashine yangu ya kusaga mahindi, akaweka sanduku mezani. Ndani yake mota ilizungusha dinamo kwa mkanda, na dinamo ikairudishia mota umeme. Alisema mashine hiyo ikishawashwa haisimami tena, wala haitaki dizeli. Wateja wangu walisogea kuitazama. Mimi nilimtazama yeye.

Pale kwangu hakuna mama anayefunga kiroba mara tu baada ya kusaga. Unga hutoka wa moto, kwa hiyo hukiacha wazi upoe, la sivyo utavunda. Miaka yote nilijua kwamba joto lile ni dizeli yangu inayopotea. Nikaweka kiganja kwenye dinamo yake. Ilikuwa ya moto kama unga.

"Ndugu, joto hili linatoka wapi?"

"Mashine yoyote hupata joto, mzee."

"Najua. La kwangu linatoka kwenye dizeli. La kwako je?"

Kama kila mzunguko ulipoteza joto, umeme uliorudi ulikuwa pungufu, na mota ilipaswa iwe imesimama zamani. Lazima palikuwa na betri mahali fulani mle ndani.

Nikamwambia aiache hapo ikizunguka hadi kesho asubuhi. Nikiikuta haijasimama, nitainunua.

Akatazama saa, akaizima, akasema anawahi basi.