Mahari ya Bi Gunzi

Enzi zetu mwanasesere hakununuliwa dukani, aliokotwa jikoni. Mama akimaliza kupukuchua mahindi, magunzi yalikuwa yetu. Akifua nazi, makumbi yalikuwa yetu, na akishazikuna, vifuu navyo vilikuwa vyetu. Hakuna aliyekuja kutuonyesha namna ya kuvichezea. Tulipewa takataka, tukazigeuza kijiji kizima.

Nawakumbusha wenzangu wa rika langu, mliokulia visiwa vya Mafia kabla simu haijaingia kila mfuko. Kifuu kimoja kilifanya kazi ngapi? Asubuhi kilikuwa sufuria. Jua likipanda kilikuwa kibaba cha kupimia mchele, na mchele wenyewe ni mchanga mweupe wa ufukweni. Alasiri tulikitoboa, tukapitisha kamba, tukasimama juu ya vifuu viwili na kutembea navyo kama viatu vya visigino, ko, ko, ko, mpaka mzee mmoja aliyelala kibarazani anyanyuke na kutufukuza. Karara la mnazi, lile ganda linalofunika maua yake, lilikuwa chombo cha baharini leo, kesho kitanda cha mtoto mchanga. Ukuti mmoja ulitosha kutoa saa ya mkononi, miwani, na kititia cha kukimbizana na upepo. Saa zetu hazikwenda, lakini hatukuchelewa kula hata siku moja.

Hapo ndipo tuliposoma, ingawa hatukujua kwamba tunasoma. Hesabu niliijulia kwenye mdako, nikirusha kijiwe juu na kuzoa vingine chini, kabla sijaona chaki. Kupima nilijifunza kwa vibaba vya mchanga, maana Zuwena, shoga yangu wa kufa na kuzikana, hakukubali kupunjwa hata punje. Na maneno ya watu wazima niliyapata yote kwenye mchezo wa nyumba, kwa sababu mchezo ule haukwenda bila adabu: unapiga hodi, unaamkia, unakaribishwa, unauliza hali ya watu wa nyumbani, ndipo useme shida yako. Mama alikuwa na onyo moja tu. "Chezeni," alikuwa akisema, "ila nikisikia kimya huko nyuma ya nyumba, nakuja na ufagio!"

Nilikuwa na umri wa miaka minane hivi, tukikaa kijijini Juani, wakati mimi na Zuwena tulipopanga harusi kubwa. Bwana harusi alikuwa wangu. Jina lake Bwana Kumbi, kwa kuwa mwili wake ulikuwa kipande cha kumbi la nazi, miguu njiti za makuti, na kofia yake gamba la konokono wa baharini lililomkaa sawasawa kama kofia ya Idi. Bibi harusi alikuwa wa Zuwena. Aliitwa Bi Gunzi, na sijaona mwanasesere mzuri kama yule mpaka leo. Nywele zake zilikuwa ndevu za mahindi, na hereni zake vipande vya taitai, zile kamba nyembamba za plastiki ambazo mama zetu walifungia mbegu za mwani baharini. Buibui lake Zuwena alilishona mwenyewe kwa kitambaa cha mwavuli uliokufa.

Siku ya harusi ilishawekwa. Watoto wa mtaa mzima walishaalikwa. Ndipo mama zetu wakagombana.

Mama yangu na Mama Zuwena walikuwa wakilima mwani pamoja, mistari yao ikipakana pale maji yanapokupwa. Katikati ya mistari hiyo palikuwa na kamba moja, na kila mmoja alisema ni yeye aliyeifunga. Wakaanza kwa utani, wakaishia kwa maneno ambayo sisi watoto tuliambiwa tuondoke tusiyasikie. Kamba ikabaki majini, mwani ukinenepa, hakuna aliyethubutu kuivuna mbele ya mwenzake. Mama alirudi nyumbani, akaweka tenga chini, akasema, "Mwanahawa, kuanzia leo sitaki nikuone kwa Mama Zuwena. Kucheza chezea hapa."

Kwa mtu mzima hilo ni jambo dogo. Kwangu mimi dunia ilikuwa imefungwa mlango. Bwana Kumbi alikuwa kwetu, Bi Gunzi kwao, na Zuwena, aliyekuwa kila kitu changu, alikuwa upande wa pili wa uchochoro ambao ningeweza kuuruka. Tulionana kisimani tukatazamana bila kusemezana, kwani naye alikatazwa. Siku ya kwanza nilicheza peke yangu na mdogo wangu Rukia, aliyekuwa hajui kucheza ila kulamba mchanga. Siku ya pili nikaanza kufikiri.

Nilifikiri hivi: mama amenikataza kwenda kucheza. Lakini kwetu sisi mtu anayekwenda kuposa si mchezaji, ni mshenga. Na mshenga hafukuzwi. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu, posa za watu wazima zikija hata kwenye nyumba zisizopatana: mshenga hupewa mahali pa kukaa, hupewa maji, husikilizwa mpaka mwisho, kisha hupewa jibu arudi nalo kwa waliomtuma. Ukimfukuza, aibu ni yako.

Basi nikaoga bila kuambiwa, jambo ambalo lingetosha kumshtua mama kama angekuwapo. Nikafungua kasha lake, nikachagua kanga iliyonivutia kuliko zote, nyekundu yenye maua ya manjano, nikafunga ndani yake simbi za mahari, kauri nilizookota pwani mwezi mzima. Nikavuka uchochoro.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mama Zuwena alikuwa uani anasuka ukili. Aliinua uso, akaniona, akakunja kipaji.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. We Mwanahawa, mama yako hakukukataza kuja huku?"

"Amenikataza kuja kucheza," nikasema. "Sikuja kucheza. Nimekuja kuposa."

Ukili ulimponyoka mkononi. Nyuma ya mlango nikamwona Zuwena, kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili.

"Kumposa nani?"

"Kwetu kuna kijana, anaitwa Bwana Kumbi. Hana deni na mtu, hanywi, havuti. Kwenu kuna binti. Wazee wamenituma."

"Wazee wenyewe akina nani?"

"Mimi na Rukia."

Nilimwona anapigana na kicheko. Angeweza kusema "hebu nenda zako huko," na mambo yangeishia hapo. Lakini mwanamke yule alikuwa ameoza mabinti wa ukoo mzima. Asingeweza kumtimua mshenga aliyeamkia vizuri. Akavuta mkeka, akanionyesha nikae. "Zuwena! Mletee mgeni maji. Kwa bilauri, si kwa kata!" Zuwena akaleta mbio, nusu ya maji yakaishia kwenye goti langu.

Nikafungua kanga ili nionyeshe mahari. Mama Zuwena hakuziangalia simbi. Alishika upindo wa kanga, akaupitisha polepole kati ya vidole. Mimi sikujua lolote. Nilikuwa nimechagua kanga kwa uzuri wake. Sikujua kwamba ilikuwa nusu ya doti moja: mama yangu na yeye walikuwa wameinunua pamoja siku walipovuna mwani wao wa kwanza, wakaikata katikati, kila mmoja akachukua kipande chake.

Aliposema, sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nenda kawaambie waliokutuma: tumesikia. Ila mahari ya binti yetu hatuyapokei mkononi mwa mtoto. Wazee waje wenyewe."

Nilimkuta mama amesharudi, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi, na kasha liko wazi nyuma yake. Kabla hajafungua mdomo nikautoa ujumbe wote, kwa mpangilio, kama mshenga anavyotakiwa. Mkono wake ukasimama.

"Kasema nani?"

"Mama Zuwena."

"Rudia."

"Wazee waje wenyewe."

"Hee! Huyo naye! Gunzi la juzi tu, keshaanza kuringa!" Akakuna nazi mara mbili tatu kwa nguvu. Kisha, bila kunitazama: "Hii kanga aliiona?"

"Aliishika."

Mama alimaliza nazi, akanawa, akajifunga ile kanga, akapakua vitumbua kwenye sahani, kwa kuwa mtu haendi kuposa mikono mitupu. "Mchukue huyo bwana harusi wako," akaniambia. "Na umfute mchanga, tusidharauliwe."

Alipiga hodi kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia, ndogo kama yangu. Mama Zuwena akatoka ndani. Na kiunoni alikuwa amejifunga kipande cha pili.

Walitazamana. Sisi watoto tulikuwa tumeshikana mikono tayari, tumesahau makatazo. Mama Zuwena ndiye aliyeanza: "Karibuni. Tunasikia mna kijana, lakini tunamwona hana hata shati."

"Na binti yenu hana meno," mama akajibu, "nasi hatukusema kitu."

Wakakaa, wakaendelea kudharauliana kwa heshima zote, mpaka ikafika kwenye mahari. Mama akazisukuma simbi kando. Akasema, "Mahari yetu ni ile kamba ya katikati."

Kicheko kikakatika. "Kamba ile ni yangu," Mama Zuwena akasema taratibu. "Utanilipaje mahari kwa mali yangu?"

Niliuhisi mkono wa Zuwena ukikaza juu ya wangu. Niliona harusi inakufa, na shoga yangu anarudi upande wa pili wa uchochoro, mara hii milele. Lakini mama alikuwa ametulia.

"Ikiwa yako, umeitoa wewe. Ikiwa yangu, nimeitoa mimi," akasema. "Mahari ni mali ya nani? Ya baba? Ya mama? Ni ya bibi harusi mwenyewe. Kuanzia leo kamba ile ni ya Bi Gunzi. Mwenye ugomvi nayo akagombane na gunzi."

Mama Zuwena alicheka mpaka akalala ubavu. Alicheka mpaka machozi, na alipoyafuta alitumia upindo wa kanga ya mama, si yake.

Harusi ile, jamani! Mama zetu walipika pilau ya kweli, wakatupakulia kwenye vifuu vyetu. Watoto walikuja kutoka kila pembe ya kijiji, wakapiga madebe, wakapiga vigelegele hadi wanawake waliokuwa wakirudi pwani wakageuza njia kuja kuona nani anaolewa. Bwana Kumbi alipoteza kofia katikati ya ngoma, ikatafutwa na watu kumi. Na ile kamba ikavunwa na mama wawili, mmoja ncha hii, mwenzake ncha ile, maji yakiwa magotini. Kila walipoifunga upya waliiita kamba ya Bi Gunzi, na hakuna aliyeuliza tena ni ya nani.

Leo nakaa Kilindoni. Nasma, binti yangu wa miaka mitano, ana mwanasesere wa plastiki mwenye kitufe tumboni. Ukimbonyeza anaimba herufi kwa Kiingereza, na anaimba hivyohivyo, kwa sauti ileile, hata ukimzamisha kwenye ndoo. Vijana wa siku hizi wanasema ndiyo elimu. Sibishani nao, betri zenyewe hubishana nao zikiisha. Zikiisha, mtoto hukaa na lile zigo mapajani akisubiri, kama abiria aliyeambiwa gari limeharibika.

Mwezi uliopita Zuwena alinitembelea na binti yake, Biubwa, rika moja na Nasma. Betri zilikuwa zimekufa, umeme umekatika, simu zetu sote chali. Watoto wakaanza kulia. Zuwena akanitazama, nikamtazama, akainuka akaenda jikoni, akarudi na gunzi. Mimi nikaleta kumbi. Tuliwakabidhi.

Nasma akaligeuzageuza gunzi, akatafuta kitufe, hakukiona.

"Mama, linafanya nini?"

"Halifanyi kitu," nikamwambia. "Unafanya wewe."

Walituangalia kama tumewadanganya. Wakatoka nje shingo upande. Tukasikia manung'uniko, kisha kunong'ona, kisha kimya kirefu, kile ambacho mama angekijia na ufagio. Zuwena akataka kwenda kuchungulia, nikamzuia. Tukakaa tukizungumza habari za mama yake, ambaye tulimzika Juani miaka mitatu sasa, na nusu yake ya kanga ile nyekundu ikiwa miongoni mwa vitu alivyoviacha kashani.

Mama yangu yuko hai, nakaa naye. Macho yamepungua nguvu, na mchana mwingi hulala chumbani. Tulidhani amelala siku hiyo pia.

Mara mlangoni: "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Biubwa. Amejifunga taulo langu mpaka kifuani, ameshika kumbi lililochomekwa miguu, na nyuma ya mlango Nasma amejificha, gunzi lake kwapani, kaziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Wallahi hatukuwa tumewasimulia.

"Shikamooni. Nimekuja kuposa."

Zuwena akanishika mkono. Mshenga haachwi mlangoni bila jibu, na jibu likatoka chumbani, kwa sauti ya kizee ambayo ghafla haikuwa na uzee wowote:

"Mpeni mgeni mkeka! Kisha akawaambie waliomtuma: tumesikia. Wazee waje wenyewe."