Gia imekataa, fundi anamuulizia mume wangu

Leo fundi kaniambia, "Mpe mzee simu."

Mashine ya mtumbwi wetu ni ya zamani. Asubuhi nilitaka kwenda kutega nyavu hapa ziwa Rwakajunju, ikawaka vizuri, lakini gia ya mbele ikakataa kuingia. Nikalazimisha, wapi!

Nikampigia fundi wa Kayanga, yule mtu mzima aliyekuwa akiitengeneza enzi za mume wangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Izime kwanza. Mmoja azungushe propela polepole kwa mkono, mwingine asukume gia. Mpe mzee simu nimwelekeze."

Kumbe hakuna aliyempa habari.

"Mzee alifariki, fundi. Huu mwezi wa tano sasa."

"Pole sana, mama. Sikujua."

Basi nikafunga kamba kwenye mkono wa gia, nikasimama majini. Huku navuta kamba, huku nazungusha propela. Mara ya sita, ka!

"Imeingia!" nikapaza sauti.

Nikageuka. Ufukwe mzima hapakuwa na mtu.

Nyie mnaoishi peke yenu, jambo likikubali huwa mnamwambia nani kwanza?