Bibi Amelele

Kwa miaka tisa Bi Hadia amekaa na wanafunzi wa ng'ambo nyumbani kwake Langoni, Lamu, na katika miaka hiyo amejifunza jambo moja: mwanafunzi husoma Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi haijui nyumba. Awe Mmarekani, awe Mjerumani, kukipambazuka mfuko u mgongoni, anakwenda Ndau, anakwenda Siyu, anakwenda popote penye mashua ya kumchukua. Chuo kinachowaleta hulipia chumba na chakula. Masurufu ya njiani hayakuandikwa popote, lakini nyumba hii haijawahi kumtoa msafiri mikono mitupu, na Bi Hadia hana ubavu wa kuanza leo. Basi kila Jumamosi, baada ya sala ya alfajiri, huketi mbele ya jiko na mgongo unaomuuma, akamkaangia sambusa mtu anayekwenda kutembea.

Wa msimu huu ni Tessa, msichana wa miaka ishirini aliyekuja kujifunza Kiswahili. Analala chumbani kwa Nadra, binti pekee wa Bi Hadia, ambaye naye yuko Izmir, Uturuki, mwaka wa tatu akisomea uuguzi kwa ufadhili. Bi Hadia huwaambia majirani kwamba wa kwake amekwenda kwa watu na wa watu amekuja kwake, ila aliyeletewa yeye hajui hata kukoroga uji.

Wiki saba zilizopita mama yake Bi Hadia, Bi Barka, alifariki. Huyo ndiye aliyemlea Nadra tangu kuachishwa ziwa, wakati Bi Hadia akihangaikia riziki. Walimwosha hapa nyumbani, wakamvusha kwa mashua, akazikwa kwao Pate kama alivyousia. Nadra alikuwa amebakiza wiki tatu afanye mtihani wa mwaka. Hata sanda haijakatwa, kaka yake Bi Hadia, Bwana Jeilani, alishasema neno lake: mtoto asiambiwe mpaka amalize, atakuja kuanguka bure. Hakuna aliyebisha. Kila nyumba yenye mtoto ng'ambo hufanya hivyo, na wote huamini wanamhurumia.

Bi Hadia akawaonya ndugu na majirani, Lamu hadi Pate, mpaka muuza samaki. Tessa peke yake hakumwonya. Msichana alikaa na wanawake siku ya hitma, kajifunika vizuri, akamlilia ajuza wa watu aliyemfundisha kukuna nazi. Mgeni kama huyo utamwambiaje akusaidie kudanganya? Bi Hadia aliona haya, akanyamaza.

Kisha zikaanza simu. Nadra alipiga jioni, kama desturi yake, akauliza, "Bibi yuwapi?"

"Bibi amelele," Bi Hadia alisema.

Kesho yake Bibi alikuwa anaswali. Siku ya tatu yake alikuwa Pate kwa Bwana Jeilani, na Pate kweli alikuwako. Uongo ni kazi kama kazi nyingine, ila hauna siku ya kupumzika. Bi Hadia akawa anaiogopa simu ya mwanawe mwenyewe. Aliposikia kwamba kila Jumamosi na Jumapili Nadra hatapiga, kwa kuwa chuo kinawatembeza wageni milimani na kwenye magofu, alishukuru. Halafu akakasirika. Bibi yake kaburini, yeye anapanda milima! Halafu akakumbuka ni nani aliyemficha, akaona haya tena.

Mtihani ukapita, naye hakusema. Alijiambia kesho, kesho ikawa wiki, kwa sababu sasa yalikuwa mambo mawili ya kusema: kwamba Bibi amekufa, na kwamba mama amedanganya. La pili lilimtia hofu zaidi.

Jumamosi hii Tessa anakwenda Pate, mashua ya asubuhi hadi bandarini Mtangawanda. Alichutama jikoni akifunga viatu.

"Mama Hadia, nikifika nitazuru kaburi la Bibi. Nadra ameniomba nimpigie picha."

Bi Hadia akaiacha sambusa ndani ya mafuta. "Nadra gani?"

"Nadra wako. Huwa tunaandikiana. Nilimwandikia pole, siku ile ya hitma. Nimekosa?"

"Hukukosa," Bi Hadia alisema. "Chukua sambusa zako, mashua itakuwata."

Tessa alipotoka, Bi Hadia alizima jiko na kupiga simu. Ilipokelewa papo hapo, na upande wa pili palikuwa kimya, hapana basi, hapana upepo wa mlimani.

"Hukwenda safari yeo?"

"Sijakwenda safari hata moja, Mama," Nadra alisema. "Ilikuwa kazi kukusikia ukisema amelele. Nikajitafutia siku mbili za kutosikia."

"Na kwa nini hukusema kuwa wajua?"

"Ulikuwa ukijitahidi sana. Nikaona nikikwambia nimejua, utafikiri ni kwa sababu yako nimeharibu mtihani."

"Mtihani umeharibika?"

"Nilikaa nusu saa nikatoka. Narudia mwaka."

Alitaka kusema alhamdulillahi kwa kila hali, kama inavyotakiwa, lakini akaanza kupiga hesabu. Wiki saba za kuchunga ulimi, wake na wa mji mzima, na kumbe mtoto alilia peke yake katika nchi ya watu, bila hata mmoja wa kumpa pole kwa lugha yake isipokuwa mgeni wa kizungu.

"Nani alomwosha?" Nadra akauliza.

"Ni mimi."

"Mai yalikuwa ya vuguvugu?"

"Ya vuguvugu. Tulitia na karafuu maiti." Bi Hadia akalia waziwazi kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Alipotulia, Nadra aliendelea.

"Bibi aliniulizia?"

Hapa Bi Hadia angeweza kusema la, naye angeaminiwa. Lakini alikuwa amechoka, tena amechoka na kudanganya hasa.

"Alikuulizia," alisema. "Asubuhi ile, kabla ya kukata kauli. Alitaka nikupigie asikie sauti yako. Nikamwambia mtoto yuwasoma, ana mtihani, asisumbuliwe."

Nadra hakukata simu.