Mama Pindo na Gauni Lisilo na Mstari

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, mtoto wa darasa la pili amesimama juu ya stuli, katika chumba kidogo kinachotazamana na geti la shule ya msingi. Anahesabu kwa sauti.

"Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu..."

Anahesabu mishono. Nyuma yake amepiga magoti mwanamke wa miaka arobaini na mbili, pini tatu mdomoni, anashona suruali iliyofumuka makalioni huku mwenye suruali akiwa bado ndani yake. Mlangoni baba wa mtoto anatazama saa, mkoba wa kazini begani, kamba za kiatu kimoja hazijafungwa.

Mishono ishirini na sita, uzi unakatwa, mtoto anashuka na kukimbilia getini. Kengele inalia akiwa amebakiza hatua tano.

"Mtoto anayehesabu hatikisiki," anasema fundi akishatoa pini mdomoni. "Wapo waliojifunzia hesabu hapo juu ya stuli. Mwalimu wao anajisifu tu, hajui tunasaidiana."

Mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye vyeti na kwenye midomo ya ndugu zake. Hilo la pili alijipatia kwa kazi yake: hakuna nguo ya mtoto inayotoka mikononi mwake bila pindo la vidole vinne kwa ndani, limekunjwa vizuri, likingoja mtoto arefuke.

Kabla ya hapo alifanya kazi kiwandani kwa miaka tisa, na kwa miaka yote tisa alishona kola. Kola tu. Mikono ya shati ilikuwa ya mwenzake wa kushoto, vifungo vya mwenzake wa kulia. Alipojifungua mtoto wake wa kwanza, zamu za kiwanda na saa za kunyonyesha zikagoma kupatana, akaondoka na cherehani moja kuukuu aliyouziwa kwa bei ya chee.

"Siku ya kwanza nimekaa nyumbani nikashona shati zima, mwanzo mpaka mwisho," anakumbuka. "Kola ilikuwa nzuri ajabu. Hayo mengine, Mungu anisamehe."

Mteja wake wa kwanza alikuwa jirani aliyekuja kulalamika kwamba sketi ya shule ya bintiye imemaliza muhula mmoja tu na tayari ni fupi, na kitambaa bado kizima. Mama Pindo akaitazama ile sketi, akaona tatizo liko wapi. Mtoto anakua, kitambaa hakikui. Basi dawa ni kitambaa kitangulie, kimsubiri mtoto.

Leo, wiki ya kufungua shule anapokea nguo hadi sitini, na zaidi ya nusu ni za kuachia pindo, yaani kulifumua ili nguo ishuke. Muuguzi mmoja mwenye watoto pacha anasema suruali za wanawe zimefika mwaka wa tatu. Zimechakaa magotini, lakini urefu haujawahi kuwasaliti.

Wazazi hawamfuati kwa sindano peke yake. Wanafuata na maneno, maana Mama Pindo ana ushauri wa kila majira, na hutoa bila kuombwa.

Baridi ikikaribia, anawaambia wachague sweta kwa mabega, wala wasihangaike na mikono. Mikono mirefu hukunjwa, lakini bega likibana limebana, hakuna fundi wa kulitanua. Mvua zikianza, suruali za jinzi zipande juu ya kabati. Zikilowa Jumatatu zitakauka Alhamisi, na mtoto hana miguu ya akiba. Joto likizidi, pamba nyepesi ya rangi ya udongo: inapitisha hewa, na vumbi likikaa halionekani mpaka jioni, na jioni ni karibu na kuoga.

Ushauri wake maarufu kuliko wote, hata hivyo, ni wa soksi.

"Nyumba nzima nunua soksi za rangi moja," anasema, na hapo uso wake ni wa mtu anayetoa siri ya ukoo. "Asubuhi hakuna soksi inayomtafuta mwenzake. Unachota mbili zozote, unavaa, unakwenda. Ndoa ngapi zingepona."

Muuguzi aliufuata ushauri huo na anakiri kwamba sasa anapata muda wa kumalizia chai. Zamani alikuwa anaikuta jioni mezani, na nzi ndani.

Lakini kinyozi hajinyoi. Kwake mwenyewe, mtaa wa nyuma tu kutoka hapo, mambo yalikuwa yanakwenda kwa namna nyingine, na aliyejua zaidi ni bintiye wa mwisho.

Binti huyo ana miaka kumi na mmoja. Wanamwita Kasuku kwa sababu kila linalosemwa dukani kwa mama yake hulirudia nyumbani, na la nyumbani hulipeleka dukani. Ana sauti nzuri, na ndiye kiongozi wa kwaya ya shule. Kila mwaka, siku ya wazazi, husimama mbele ya watu wote na kuimba ubeti wa kwanza peke yake.

Mwaka juzi aliimba na sare ya kawaida, kwa kuwa gauni alilokuwa anashonewa lilikuwa bado vipande vya mikono tu juu ya meza. Mwaka jana gauni liliwahi, ila nyuzi nyeupe za kushikizia zilikuwa hazijatolewa, zikaning'inia mgongoni wakati akiimba. Wenzake walicheka kutoka ubeti wa kwanza hadi wa mwisho. Mara zote mbili sababu ilikuwa wateja.

Kuna na lingine. Pindo likiachiwa kwenye nguo iliyokwisha kufuliwa mara nyingi, pale lilipokuwa limekunjwa hubaki mstari uliokolea, na hakuna sabuni inayouondoa. Nguo zote za Kasuku zilikuwa na mistari hiyo. Nyingine miwili, sketi moja mitatu. Shuleni wenzake walikuwa wakimwinamia na kuihesabu, wanatangaza sketi ina umri gani.

"Mwaka huu aliniambia neno moja," anasimulia Mama Pindo. "'Mama, nataka gauni lisilo na mstari.' Basi. Hakulia, hakununa. Na mimi nikaapa mbele ya baba yake: safari hii nikishindwa, cherehani naiuza."

Mumewe ni fundi bomba, mtu wa maneno machache na mizaha mingi kidogo. Anasema alipokisikia kiapo hicho alianza kuihurumia cherehani.

Mama Pindo akatafuta kitambaa cha manjano ya kiini cha yai, akapata kipande cha mwisho kwa muuza vitambaa. Alitaka gauni liwe la kushtukiza, kwa hiyo hakumpima mtoto. Alifungua daftari lake la vipimo, ambamo kila mtoto wa mteja hupimwa upya kila muhula, akatafuta ukurasa wa bintiye. Kipimo cha mwisho kilikuwa cha miaka miwili nyuma. Hakutishika. Akaongeza inchi mbili kwa kukadiria, maana ni mwanawe, na jicho lake halijawahi kumdanganya.

Na kwa kuwa gauni lilitakiwa lisiwe na mstari, kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya ufundi hakuweka pindo. Alipita ukingoni na mshono mwembamba, upana wa punje ya mchele.

Ijumaa saa kumi jioni, siku moja kabla ya siku ya wazazi, akamwita Kasuku dukani na kumvalisha. Zipu ilifika katikati ya mgongo ikakataa. Ukingo wa gauni uliishia kiganja kizima juu ya magoti.

Mtoto akaushika ukingo kwa mikono miwili, akauvuta chini. Mama Pindo anasema kuvuta kule ndiko kulikomkata maini.

"Mtoto unayemwona kila siku humwoni akikua," anasema, na sauti inapungua. "Wa watu nawapima kila muhula. Wangu nilikuwa nambeba kichwani na kimo cha juzi. Nilikaa chini sakafuni, nikaona haya kweli. Niliona haya mbele ya mwanangu."

Mumewe alikuwa amewahi kutoka kazini akawapitia. Akawakuta hivyo, mmoja chini, mmoja juu ya stuli na zipu wazi. Akachomoa futi yake ya chuma, ile ya kupimia mabomba, akaikunjua kutoka begani kwa bintiye hadi magotini, akaisoma kwa makini kama yuko kazini.

"Bomba limerefuka," akatangaza. "Hapa panatakiwa kiungo."

Kasuku akacheka kwanza. Mama akafuatia, akicheka na kujifuta machozi kwa karatasi ya picha za mitindo iliyokuwa sakafuni.

Upana ulikuwa na dawa. Mkono wa fundi una mazoea yake, na bila kufikiri ulikuwa umeacha kidole kizima cha kitambaa ubavuni kila upande. Urefu ndio uliokuwa kesi. Kitambaa cha manjano kilikuwa kimekwisha kwa muuza vitambaa, na muda wenyewe ulikuwa ni jioni ile ile.

Pembeni ya cherehani kuna kapu la vipande, mabaki ya kila nguo iliyowahi kukatwa mle ndani. Kasuku alishuka kwenye stuli, akalivuta kapu, akaanza kuchambua. Akatoa kipande cha bluu cha ovaroli la zamani la baba yake. Akatoa cheupe, salio la kola za kiwandani ambalo mama yake hakuwahi kupata moyo wa kulitupa. Akatoa chekundu chenye maua, baki la mapazia ya yule muuguzi, kwa sababu tu alikipenda. Akavipanga chini ya gauni, kimoja chini ya kingine.

"Kama lazima iwe mistari," alisema, "hii nimeichagua mwenyewe."

Walishona watatu. Mama alikata, Kasuku alishikiza pini, na baba akapewa utepe mweupe aushone kwa mkono, akihesabu mishono kwa sauti kama watoto wa asubuhi. Wateja wawili walikuja mlangoni, mmoja na suruali, mwingine na begi lisilo na zipu. Mama Pindo aliwaambia, kwa heshima zote, warudi Jumatatu. Mumewe anasema hajawahi kumsikia akitamka neno hilo kwa mteja, na kwamba mke wake alilitamka kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mpaka wakati wa chakula cha jioni gauni lilikuwa limetundikwa msumarini, na uzi wa kushikizia hata mmoja haukubaki. Kasuku alikagua mwenyewe, mara tatu.

Jumamosi akaimba. Waliokuwepo wanasema sauti ilipanda juu ya paa la ukumbi. Mama yake hana habari sana na sauti. Alikuwa anatazama miguu. Binti alipogeuka kuwapa ishara wenzake, mistari mitatu ikazunguka naye, bluu, nyeupe na nyekundu, na ule mweupe umepinda kidogo upande wa kushoto.

"Mpindo ule ni wangu," anasema fundi bomba. "Mtu asiuguse."

Kabla chai ya wazazi haijapoa, akina mama wanne na baba mmoja walikuwa wamemzunguka Mama Pindo wakitaka magauni ya mistari kwa ajili ya binti zao. Yule muuguzi alilitambua pazia lake, akataka kujua kwa nini sebuleni kwake halikuwahi kupendeza namna ile. Tangu siku hiyo, wiki tatu sasa, ameshona kumi na tisa. Ni mtindo wa msimu, anasema, na faida yake ni kwamba mtoto akirefuka unaongeza mstari mmoja chini, hakuna anayejua.

Wasichana waliokuwa wakihesabu umri wa sketi sasa wanahesabu nani ana mistari mingi. Kasuku anaongoza kwa mbali.

Mama Pindo ana mipango. Anataka chumba cha pili, chenye meza ndefu, ambako Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi atawafundisha wazazi kuachia pindo, kushona kifungo na kubadili zipu. Hataki wamkimbie, anataka tu wasigombane na watoto asubuhi kwa kifungo kimoja. Mwanafunzi wa kwanza tayari anaye nyumbani, ingawa mishono yake bado inapinda.

Sheria ya darasa ameshaiandika kwa chaki nyuma ya mlango: kabla ya kupokea nguo ya mtu, fundi ampime kwanza wa kwake. Daftari jipya limefunguliwa, na ukurasa wa kwanza ni wa Kasuku.

Asubuhi ya leo alimsimamisha juu ya stuli, akampima bega, kifua, kiuno, kisha akashuka hadi magotini, polepole, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Alipokuwa anaandika, akamwambia gauni la mwakani litakuwa jipya lote, lisilo na mstari hata mmoja, kama alivyoomba. Mtoto akafikiri kidogo.

"Mwakani niwekee pindo, Mama," akasema. "Pana. Bado nakua."