Kikohozi cha Muuza Tumbaku

Siku za soko pale Baraka, mwaka 1956, muuza tumbaku hakuita wateja, alikohoa tu. Aliinama, vidole vyake vya njano vimeshika kifua, na wanunuzi kutoka Lubondja wakasukumana kwa furaha. "Sikia nguvu yake! Hii ndiyo tumbaku, baba!" Infirmie, muuguzi wa zahanati, alimwonya kwamba moshi unamla mapafu. "Infirmie," akajibu, "we unaniharibia soko."

Siku moja alikohoa damu mbele ya watu wote. Wakaona hakuna tumbaku kali kuliko hiyo, na kikapu kikabaki na jani moja. Binti yake Georgette akalichukua ajaribu kulivuta kwa kiko. Baba yake akamkamata mkono.

"Acha, mama! Hii iko ya kuuzisha. Haiko ya batu ya kwetu."